Mashine ya boti haina bamba la namba: nitaitambuaje kabureta yake, na naweza kuifungua mwenyewe?

Msomaji ameniandikia hivi: "Fundi, shikamoo. Nimenunua boti iliyotumika, ina mashine ya nje ya kuchanganya oili na petroli, ya zamani kweli. Bamba la namba limeng'olewa, yamebaki matundu ya ripiti tu. Aliyeniuzia anasema ni Yamaha ya HP 40, lakini bodi imepakwa rangi upya na kabureta sina hakika kama ni yake. Ikizimwa inadondosha petroli, na nikishusha moto hadi silensa, ule mwendo wa chini kabisa, inazimika. Muuza spea ananiuliza namba ya kabureta, mimi sina. Nitaijuaje, na je, naweza kuifungua na kuifufua mwenyewe?"

Marahaba ndugu yangu. Muuza spea anayekuuliza namba kabla ya kupokea pesa yako ni mtu wa kumng'ang'ania. "HP 40" haimtoshi mtu kukuuzia hata oringi. Yamaha peke yake imetoa mashine za HP 40 zenye silinda 2 na nyingine zenye silinda 3, nyingine zina kabureta moja na nyingine zina kabureta kwa kila silinda, na jeti zao, vile vipande vya shaba vyenye tundu linalopima petroli, hazilingani. Na kwa mashine za aina yako kosa la jeti ni zito kuliko kwa gari, kwa sababu oili inayolainisha pistoni inaingia pamoja na petroli kupitia mle mle kwenye kabureta. Petroli ikipungua, joto linapanda na oili inapungua kwa wakati mmoja. Hapo pistoni inajichubua kwenye silinda, na wewe bado unaona mashine inakwenda vizuri tu.

Kufungua unaweza. Kazi yenyewe haihitaji karakana kubwa, inahitaji meza safi, mwanga na subira. Ila kwanza tuitambue.

Anza na mashine yenyewe kabla ya kabureta, maana kabureta inaweza kuwa imehamishwa kutoka mashine nyingine, kama unavyohisi. Bamba huwa kwenye mabano ya kufungia mashine kwenye tezi ya boti, na ndilo la kwanza kupotea. Kwa mashine nyingi za zamani za kampuni za Johnson, Evinrude na Mercury kuna msaada wa pili: toa kofia ya mashine utazame bloku, utaona kizibo cha duara cha chuma kilichopigiliwa ndani, saizi ya sarafu, na juu yake namba imegongwa. Wengi wanakipaka rangi bila kujua ni nini. Sugua taratibu kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha weka tochi pembeni ili mwanga upite juu ya namba kwa mshazari. Namba iliyochakaa haionekani ukiimulika kwa mbele, ila kwa mwanga wa ubavuni inajitokeza yenyewe. Kwa Johnson na Evinrude kuanzia 1980, mwaka umefichwa kwa herufi mbili kwenye namba ya modeli, zikisomwa kwa neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, mpaka E ambayo ni 9 na S ambayo ni 0. Ukikuta CU, hiyo ni 87, yaani 1987.

Yamaha wana njia yao, na kwako ndiyo ya muhimu. Kila familia ya mashine ina alama ya herufi na tarakimu, jumla yake tatu, na alama hiyo ndiyo mwanzo wa namba za spea zake. Yamaha Enduro 15 ya miaka ya karibuni ni 6B4, Enduro 40X ni 66T. Alama kama hizo utazikuta zimemwagwa pamoja na chuma chenyewe kwenye bloku, kwenye gia boksi na kwenye vifuniko mbalimbali. Lakini tahadhari: Yamaha hutumia kipande kimoja kwenye mashine nyingi, na kipande hubaki na alama ya mashine ya kwanza iliyokitumia. Kwa hiyo alama moja isikupe uhakika. Kusanya nne au tano kutoka sehemu tofauti, hesabu silinda, hesabu kabureta, kisha linganisha na michoro ya spea. Alama inayojirudia kwenye vipande vikubwa ndiyo ya kuiamini.

Sasa kabureta. Namba yake mara nyingi imegongwa kwenye flanji, ule uso bapa unaobanwa na nati mbili kwenye mashine, au ubavuni karibu na flanji. Uchafu wa oili na chumvi huifunika kabisa. Kwa Yamaha utaona ile alama ya familia ikifuatiwa na tarakimu mbili, na kwenye katalogi kabureta nzima huandikwa kwa 14301 katikati, kwa mfano 66T-14301. Zikiwa tatu kwenye mashine moja zinaendelea 14302 na 14303. Kifurushi cha kukarabati huwa na W0093 katikati. Ukimpa muuza spea alama ya mwanzo na hiyo W0093, mtaelewana upesi. Kwa Mercury utakuta WME, WMC au herufi za jamii hiyo, kisha namba. Kama mwishoni kuna kistari na 1, 2 au 3, hiyo inakuambia kabureta inakaa nafasi gani, ya juu, ya kati au ya chini. Usizichanganye. Sura zinafanana lakini jeti zinaweza kutofautiana.

Nakumbuka mashine moja ya silinda 3 iliyoletwa kwangu ikiwa imekwama. Ilikuwa imesafishwa siku chache nyuma na mtu aliyemwaga kabureta zote tatu ndani ya beseni moja, akazirudisha kama zilivyomjia mkononi. Silinda mbili zilikuwa zinang'aa. Ya tatu ilikuwa na michirizi ya kijivu kutoka juu hadi chini, mirefu kama kucha za paka kwenye mbao, na plagi yake nyeupe kama chokaa. Kabureta ilikuwa safi kabisa. Ilichokosa ni kurudi mahali pake. Tangu siku ile kila kabureta kwangu ina sahani yake.

Kama kabureta yako ina alama isiyolingana na mashine, usianze kuikarabati. Tafuta kwanza kama modeli ile inaruhusu kabureta hiyo. Kuifufua vizuri kabureta isiyo ya mashine hiyo ni kujichimbia shimo.

Kabla ya kushika spana, hakikisha kabureta ndiyo mkosaji. Dalili zako mbili zinaelekea huko kweli. Kudondosha wakati imezimwa ni sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, kutofunga, na kuzimika kwenye silensa ni vinjia vidogo vya petroli kuziba. Lakini tangi la plastiki likikaa juani huku tundu lake la hewa limefungwa, petroli inasukumwa kwa nguvu hadi sindano nzima kabisa inashindwa. Chomoa mpira wa mafuta ukimaliza safari uone kama bado inadondosha. Kisha urudishe, washa mashine, na ikianza kulegea minya pampu ya mkono iliyo kwenye mpira. Ikifufuka kila ukiminya, tazama pampu ya petroli, mpira unaovuta hewa au chujio. Ukivuta choki kidogo na mashine ikachangamka badala ya kuzama, hapo petroli haitoshi kwenye koo la kabureta, na mara nyingi ni jeti iliyoziba. Pima pia moto wa plagi na nguvu ya mgandamizo wa kila silinda. Silinda iliyochoka haiponi kwa kusafisha kabureta.

Ukiwa na uhakika, toa betri kama ipo, fanya kazi mahali penye upepo, na sigara au jiko lisiwe karibu. Piga picha ya kila fimbo, springi na mpira kabla ya kuvigusa, kutoka pembe mbili. Fungua nati za flanji, weka kabureta mezani, na kabla ya jingine lolote shughulikia skrubu ya kurekebishia silensa. Izungushe kuiingiza ndani taratibu ukihesabu, mpaka iguse tu, bila kuikaza. Andika: mzunguko mmoja na robo, au mmoja na nusu, vyovyote itakavyokuwa. Hicho kipimo ndicho njia yako ya kurudi. Ukiikaza mwishoni, ncha yake inajichimba kwenye kiti, na silensa ya mashine hiyo haitatulia tena.

Fungua bakuli la chini juu ya chupa ya kioo iliyo wazi, si juu ya tambara. Nataka uone kilichomo. Iache chupa itulie dakika chache. Petroli itabaki juu, na chini kama kuna maji yatajikusanya kwenye tone moja kubwa linaloteleza ukiinamisha chupa, kama jicho la samaki. Ukiona tone hilo, jua kwamba shida yako haikuanzia kwenye kabureta, imetoka kwenye tangi. Unga mweupe ndani ya bakuli ni metali ya mwili wa kabureta inayoliwa na maji na chumvi. Ukijani ni shaba ya jeti. Gundi ya rangi ya kahawia inayonuka uchachu ni petroli iliyokaa hadi ikakauka, na hiyo ndiyo inayoziba njia za silensa kwanza kwa sababu ndizo nyembamba kuliko zote. Gundi inasafishika. Unga mweupe ukiwa umeshachimba mashimo kwenye njia za petroli au kwenye uso wa kufungia, kabureta hiyo imekwisha, na ni bora ukubali mapema.

Chomoa pini ya boya, inua boya litoke pamoja na sindano. Tazama ncha ya sindano kwa lenzi, au geuza simu iwe lenzi. Sindano nzima ina koni laini. Iliyochoka ina mfereji wa duara kama pete, na hapo ndipo petroli yako inapopenyea. Tikisa boya karibu na sikio. Kikicheza kitu ndani, limeingia petroli na ni la kutupwa. Boya la koki, yaani la gamba jepesi la mti, la mashine za zamani sana likiwa limepasuka rangi yake ya juu litanyonya petroli, litakuwa zito na litazama. Badilisha nalo.

Jeti ndizo zinazoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Ni shaba, na shaba ni laini. Tumia bisibisi inayojaa kabisa kwenye mfereji wa jeti, isiyo pana wala nyembamba. Ikikataa, weka mafuta ya kulegezea kutu, iache usiku kucha, kisha ujaribu tena. Ikitoka, soma namba iliyogongwa juu yake na uiandike. Namba hizo hazina maana moja kwa watengenezaji wote: kwa Keihin zinafuata kipenyo cha tundu katika mia za milimita, hivyo 120 ni milimita 1.20, lakini jeti za Mikuni nyingi huhesabiwa kwa kiasi cha petroli kinachopita. Jeti ya 120 ya mmoja haiwi 120 ya mwingine.

Na tafadhali, usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Tundu la milimita 1.20 ukilipanua hadi 1.25 macho yako hayataona tofauti yoyote, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 8. Loweka, puliza, loweka tena. Ikishindikana kabisa, tumia unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Jeti mpya ni kitu kidogo kuliko injini.

Toa kila kitu cha mpira kabla ya kuloweka mwili wa kabureta kwenye dawa, maana dawa inayokula gundi inakula na mpira. Vaa miwani. Hili si pambo: ukipuliza dawa kwenye tundu moja, inarudi kwa kasi kupitia tundu lingine usilolitarajia, na mara nyingi lile linaloelekea usoni. Fuata kila njia moja moja. Puliza hapa, tafuta inatokea wapi. Kwenye ukuta wa koo, karibu na kipepeo, kile kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa, kuna vitundu viwili au vitatu vidogo vilivyojipanga. Hivyo ndivyo vinavyolisha mashine kwenye silensa na wakati wa kuanza kuongeza moto, na kwa dalili ulizonieleza ndipo ninapoelekeza kidole. Dawa lazima itoke kwa kila kimoja. Kama kimoja hakitoi, huenda njia yake imefunikwa na kifuniko kidogo cha bati kilichopigiliwa juu ya mwili wa kabureta. Kifuniko hicho hutolewa tu kama kipya kimo kwenye kifurushi chako, na kikitobolewa kwa drili, ncha isipite hata kidogo chini ya bati, kwa sababu vitundu viko hapo hapo chini yake.

Kisha hewa ya kompresa kwenye kila njia, boya na sindano zikiwa nje.

Kabla ya kurudisha, kagua mambo mawili yasiyokuja kwenye kifurushi. Shika mhimili wa kipepeo uutikise. Ukicheza sana, hewa itapenya pembeni na silensa haitatulia hata ubadilishe kila kitu kingine. Na uso wa flanji: uweke juu ya kioo uone kama unayumba. Flanji hupinda kwa watu kukaza nati moja hadi mwisho kabla ya nyingine. Kupinda kidogo kunasawazishwa kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, ukisugua kwa duara.

Kifurushi huja na gasketi zaidi ya unazohitaji, kwa sababu kimoja hutumika kwa kabureta kadhaa. Lalisha mpya juu ya ya zamani na utazame mwangani kama matundu yote yanalingana. Tundu moja likizibwa na karatasi, umeirudisha ile ile shida uliyoitoa. Silikoni usiitumie popote ndani ya kabureta. Petroli huilegeza, vipande vyake vinasafiri, na mwisho wake ni kwenye jeti.

Funga kiti na sindano mpya, rudisha boya, kisha pindua mwili juu chini ili boya lilalie sindano kwa uzito wake. Kwenye Johnson na Evinrude nyingi za zamani boya linatakiwa kulala sambamba na ukingo wa mwili. Kwa nyingine, Yamaha zikiwemo, kuna kipimo cha milimita kwenye kitabu cha modeli, na hapo ndipo ule utambuzi wa mwanzo unapokulipa. Boya likifunga kwa kuchelewa petroli inafurika, na likifunga mapema bakuli halijai na mashine inakufa njaa ikiwa kwenye kasi kubwa. Ukiwa bado umepindua, puliza kwa mdomo kupitia mrija wa kuingizia petroli. Isipite pumzi. Geuza wima, boya lianguke, pumzi ipite bila kizuizi. Kwa mdomo, nasema, si kwa kompresa.

Rudisha skrubu ya silensa kwenye hesabu uliyoandika. Kama mtu aliyekutangulia alishaiharibu, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka inapogusa, utarekebisha baadaye.

Mpira wa mafuta na chujio uvibadilishe kwa wakati huo huo. Mpira wa zamani huchubuka kwa ndani huku nje ukionekana mzima, na maganda yake yataijaza kabureta uliyoisafisha jana. Tangi limwagwe, likaushwe, lijazwe petroli mpya iliyochanganywa oili kwa kipimo cha mashine yako.

Minya pampu ya mkono hadi iwe ngumu, kisha kaa uitazame kabureta kwa dakika 10 bila kuwasha. Ikibaki kavu, sindano imefunga. Silensa irekebishie majini, boti ikiwa imefungwa imara, mashine imeshapata moto na gia imeingia, maana nchi kavu mashine haina mzigo na itakudanganya. Zungusha skrubu kwa thumuni ya mzunguko, subiri kidogo ndipo uguse tena. Mashine ikipiga chafya kupitia kabureta, petroli ni kidogo. Ikiyumba na kutoa moshi mzito, imezidi. Skrubu nyingine hupunguza petroli na nyingine hupunguza hewa, na zinafanya kazi kinyume, kwa hiyo fuata sikio lako kuliko mazoea ya mashine uliyoizoea. Ukiwa na kabureta zaidi ya moja, vipepeo vyote vifunguke kwa pamoja, na hilo uliangalie kwa macho kabla ya kuwasha.

Kwa wasomaji wenye injini iliyojengwa ndani ya boti neno moja zito. Kabureta za Holley, Rochester na Carter zina sura moja kwa gari na kwa boti, na ya gari ni rahisi kupatikana, lakini usifunge ya gari. Ya boti imetengenezwa ili petroli ikifurika irudi ndani ya koo la injini, na ya gari inaweza kuimwaga nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini kwenye tumbo la boti, na cheche moja inatosha. Kile kichujio cha chuma cha kuzuia moto juu ya kabureta nacho kisitolewe kamwe.

Turudi kwako. Ukimaliza silensa, kimbiza boti kwa kasi kubwa dakika chache tu, zima ghafla ukiwa kwenye kasi hiyo, kisha toa plagi za silinda zote uzipange kwa mpangilio wake. Rangi ya kahawia hafifu kwa zote ndiyo ruhusa ya safari ndefu. Moja ikiwa nyeupe, usiiwashe tena mpaka uifungue kabureta inayolisha silinda hiyo.